Chenga za Mchele, Asali na Ndimu

Hapa Kahama inasemwa kwamba uso wa binti yangu uliharibiwa na mkorogo. Nimeyasikia hayo kwa muuza duka, kwa mke wa jirani, na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Si kweli. Nyumbani kwangu hakijaingia kipodozi cha kuchubua ngozi, cha dukani wala cha kuchanganywa mafichoni. Kilichotumika kilitoka jikoni, kwenye rafu ileile ya chumvi na majani ya chai, na kila kimoja nakijua. Nayaandika haya ili, yakisemwa tena, yasemwe kama yalivyokuwa.

Nimestaafu utumishi wa umma. Kazi yangu ilikuwa kukagua mizani, ya pamba huko vijijini na ya nafaka huku mjini, na mizani iliyokosea niliifungia bila kujali ni ya nani. Mke wangu hununua mpunga, huuanika kwenye maturubai katika uwanja wa mashine, kisha hukoboa na kuuza mchele. Binti yetu wa mwisho amemaliza chuo cha ualimu na anasubiri ajira. Kwa sasa humsaidia mama yake kugeuza mpunga juani. Kijana mmoja wa Runzewe, muuza vipuri vya pikipiki, alimpenda akatuma mshenga. Watu wake walipokuja kujitambulisha walituletea ndoo ya asali. Tulipokeana vizuri, ikabaki siku ya kupatana mahari.

Sisi Wasukuma hutoa mahari kwa ng'ombe. Kuna desturi ndani yake ambayo nimeipinga tangu ujana wangu, nayo ni kwamba msichana mweupe hutajiwa ng'ombe wengi kuliko mweusi. Waliosoma huikana hadharani, kisha wakiketi kwenye mkeka wa mahari macho yao yanakwenda palepale kwenye ngozi. Nilitangaza nyumbani kwamba mimi sitapokea bei ya rangi. Binti yangu alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Ndipo akanieleza kwamba mke wa kaka wa mchumba wake ni mweupe, kwamba alitolewa ng'ombe wengi, na kwamba katika boma lile hakuna kazi inayogawanywa bila jambo hilo kutajwa.

"Ng'ombe watakuja kwako, Baba," alisema. "Maneno nitabaki nayo mimi."

Basi akaanza kuusugua uso. Alijifunza kwenye simu, lakini vifaa vilikuwa vyetu. Alichukua chenga, vile vipande vya mchele vinavyobaki baada ya kukoboa, akazitwanga kwenye kinu na kuzichekecha mpaka zikawa laini kama mchanga wa mtoni. Aliongeza sukari, asali ya Runzewe na ndimu kidogo. Alipaka, akasugua kwa ncha za vidole kwa mzunguko, akasuuza kwa maji ya uvuguvugu. Nilimwuliza hiyo "kidogo" ni kiasi gani, na kama kijiko cha sukari ni kile kilichosawazishwa au kilichojaa mpaka kikawa na kilima, maana tofauti yake si ndogo.

"Baba, uso siyo pamba," alinijibu, na mama yake akacheka mpaka akauweka ungo chini.

Ninakiri kwamba mwanzoni ilifaa. Vipele vilikauka na ngozi ikawa nyororo. Mke wangu naye akaanza kujipaka, kwanza viwiko, baadaye uso, na akataka kunipaka mimi paji la uso, nikakataa. Jikoni kulikuwa na furaha ambayo haikuwapo tangu watoto wakubwa walipoondoka.

Kisha dada yangu akaja kutoka Didia kusaidia maandalizi. Yeye ndiye shangazi, na kwetu shangazi ana sauti katika mambo ya ndoa. Alimshika binti kidevu, akamgeuza huku na huku. "Ng'wana wane," yaani mwanangu, alimwambia, "unang'aa, lakini hujawa mweupe." Alishauri ndimu iongezwe, kwa kuwa inang'arisha hata sufuria iliyoungua. Nilieleza kwamba kinachofaa sufuria hakipaswi kuhamishiwa kwenye mwili wa mtu. Dada yangu aliniuliza kama serikalini nilikagua pia nyuso. Wote watatu wakacheka, na ndimu ikaongezwa.

Siku ilipokaribia, binti akaona kusuuza ni kupoteza muda. Alijipaka maji ya ndimu asubuhi, akayaacha usoni, akaenda kugeuza mpunga. Anayeujua uwanja wa mashine anajua jua la pale: linatoka juu, na lingine linarudishwa na turubai kutoka chini. Alirudi akisema uso unawaka. Kesho yake ulikuwa mwekundu na umevimba. Baadaye malengelenge yakatoka, yakapasuka, na yalipokauka yaliacha mabaka meusi kwenye mashavu yote mawili, na michirizi shingoni palipochuruzika ndimu. Alikuwa mweusi kuliko alivyozaliwa, na kwa vipande.

Nilimpeleka kituo cha afya. Daktari, kijana mwenye umri wa kuwa mwanangu, aliuliza alichopaka na alikuwa wapi alipokipaka. Alipojibiwa alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuyaona hayo. Alisema ndimu na jua havikai pamoja kwenye ngozi. Nilidai dawa ya kuondoa madoa kabla ya wageni.

"Mzee, dawa ni kuacha," alisema. "Aache kila kitu, akae kivulini. Yatakwenda yenyewe."

"Kwa muda gani?"

"Miezi. Wengine zaidi."

Nilipandisha sauti. Nilitaka kujua ni huduma gani hii ambayo mgonjwa anaambiwa asubiri. Yule kijana alinisikiliza bila kukasirika, akampa mafuta ya kutuliza majeraha, akanieleza tena kwa upole kwamba mafuta hayo hayagusi rangi. Sikuwa na la kumlalamikia kwa mkubwa wake, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nikampigia mshenga kuomba siku isogezwe. Akasema, "Mzee, ukiahirisha watasema binti ana mimba. Bora doa." Nilikata simu nikiwa nimeudhika, lakini sikuweza kusema amekosea.

Kuanzia hapo nyumba ilijaa tiba. Dada yangu alileta shubiri kutoka kwa jirani. Mke wangu alijaribu maziwa mgando, kisha tango. Kila kitu kilimwasha, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba kinachofuata ndicho. Niliziondoa ndimu zote jikoni. Niliamuru pasiwe na mtu wa kugusa uso ule. Amri zangu zilipokewa kwa "Sawa, Baba" na "Sawa, kaka," na mambo yakaendelea.

Asubuhi moja, mke wangu na dada yangu wakiwa wametangulia mashineni, nilisikia mkwaruzo nikaingia jikoni. Binti yangu alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, anajisugua shavu kwa sukari kavu, kwa nguvu, kama anayekwangua ukoko. Sukari iliyodondoka kwenye beseni ilikuwa na damu. Nilimshika kifundo cha mkono.

"Niache, Baba. Likitoka hili, chini yake kuna ngozi yangu."

Nilimwambia ajihurumie. Sikujua la kufanya na mkono ule. Kuushikilia mpaka wageni waje nisingeweza, na nikiuachia ningejua unakokwenda. Tulikaa hivyo mpaka mama yake aliporudi kuchukua magunia akatukuta sakafuni, naye akaketi.

Siku ya mahari wageni walifika mchana kwa gari la kukodi. Tulisalimiana "Mwadila" na "Mhola" kama inavyopasa, wakaketi. Mke wangu alikuwa amempaka binti poda nyingi. Alitoka na jagi na beseni, akapiga magoti, akawasalimia wakubwa shikamoo mmoja baada ya mwingine, akawanawisha mikono. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alipokwisha kunawa hakuuondoa mkono wake. Aliuinua, akapitisha kidole gumba chenye maji kwenye shavu la binti. Poda ikatoka.

"Huyu siye tuliyeonyeshwa," alisema.

Nilisimama nikaeleza. Nilianza na chenga, nikaja kwenye sukari, asali yao wenyewe na ndimu, nikafafanua habari ya jua na turubai na maneno ya daktari. Kila neno lilikuwa la kweli na kwa mpangilio wake. Nilikuwa naona jinsi nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kutazamana. Mzee mmoja aliuliza, kwa heshima, kama kuna ugonjwa wa namna hiyo katika ukoo. Mwingine akasema wasichana wa siku hizi na mkorogo wao, akaniomba radhi palepale. Binti alikuwa bado amepiga magoti, beseni mikononi.

Walitoka nje kushauriana, naye akaingia chumba cha ndani kwa mama yake. Waliporudi, hawakukataa. Walitaja ng'ombe pungufu kabisa ya wale waliotolewa kwa mke wa kaka wa kijana, wakasema wanafanya hivyo kwa nia njema kwa sababu kijana ameng'ang'ania. Damu ilinipanda. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno ya kuwaambia watu wanaopima binadamu kwa rangi, na nilikuwa na haki ya kuwarudisha walikotoka. Mke wangu akatoka chumba cha ndani, akainama sikioni mwangu.

"Anasema ukubali. Anasema usiongeze neno."

Nikakubali. Dada yangu akapiga vigelegele peke yake, kisha mke wangu akamfuata. Wageni walikula wali, wakasifu mchele, wakaondoka kabla jua halijashuka.

Nilimkuta binti yangu uani, nyuma ya jiko. Poda ilikuwa imeganda na jasho, nami nilijua inamwasha. Alinishukuru. Nilitaka kumwambia kwamba miezi si mingi, lakini harusi ilikuwa imekwisha kupangwa iwe kabla ya hiyo miezi kuisha, naye alilijua hilo.

"Naweza kunawa sasa?" aliniuliza.

Nikachukua jagi nikammiminia maji matupu, taratibu, yeye akiyakinga kwa viganja na kuyagusisha usoni bila kusugua. Poda ikaisha. Akaendelea kukinga, nami nikaendelea kumimina.