Siku ya Msiba Kwenye Kalenda

Ukimuuliza mama yake Benadetha Ndomba mwanawe anafanya kazi gani pale Mbinga mjini, atakuambia anatunza kompyuta inayopanga siku za watu. Si uongo. Kwa miaka sita Benadetha amekuwa msimamizi wa seva ya miradi katika kampuni moja ya kujenga barabara. Kampuni ina kambi saba, na kila kazi ya kila kambi ni mstari ndani ya seva hiyo: kuchimba mtaro, kupasua mawe, kumwaga zege. Kila mstari umefungwa kwenye mstari uliotangulia. Ukivuta mmoja, mingine yote inafuata.

Yeye ndiye anayewagawia wengine ruhusa. Huyu aone tu, huyu aandike, huyu aidhinishe. Yeye peke yake anaweza kugusa kila kitu, na jambo hilo limemtisha tangu mwanzo. Ana tabia ambayo wenzake humcheka kwayo: kabla ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi huinua mikono, huiweka mapajani, kisha husoma upya alichoandika.

"Dada Bena anasali sala ya chakula," husema meneja wake, Erasmo.

Jumanne moja alasiri alipigiwa simu na Leopold, msimamizi wa kambi ya Tingi. Katekista wa kule alikuwa amefariki, mtu aliyewaandaa nusu ya vibarua wa kambi kwa komunyo ya kwanza.

"Kesho sina mtu," alisema Leopold. "Hata mimi mwenyewe usinihesabu, nitakuwa makaburini. Uniandikie siku ya mapumziko, isije ile mashine yako ikasema tumelala."

"Pole sana, kaka. Naandika sasa hivi."

Kalenda zilikuwa mbili mbele yake: ya kambi ya Tingi na ya kampuni nzima. Ya kampuni ndiyo iliyokuwa juu kwenye orodha. Alisita, na kusita kule amekukumbuka mara nyingi tangu siku ile. Katika milima aliyozaliwa, msiba ukitangazwa jembe huwekwa chini, hata na yule ambaye shamba lake liko ng'ambo ya bonde. Kuuandika msiba kwa Tingi peke yake kulimwonekania kama kuwaambia wengine hauwahusu. Akachagua kalenda ya kampuni. Akaandika: Jumatano, mazishi ya katekista. Akaweka mikono mapajani, akasoma. Herufi zilikuwa sawa, tarehe ilikuwa sawa. Akahifadhi.

Seva ikasogeza kila kazi ya Jumatano mpaka Alhamisi, katika kambi zote saba.

Mojawapo ya kazi hizo ilikuwa kulipua mwamba kwenye genge lililo juu ya Ziwa Nyasa, saa sita mchana. Chini ya mwamba ule hupita njia ya miguu. Kila Jumatano wanawake wa kijiji cha ufukweni huipanda alfajiri wakiwa na vikapu vya usipa mkavu, dagaa wa ziwa hilo, huuza gulioni, kisha huteremka mchana. Wakifika chini ya mwamba hutua mizigo, kwa sababu pale pana chemchemi.

Zamani mtu wa kampuni alizunguka kijijini na kipaza sauti siku moja kabla ya mlipuko. Benadetha ndiye aliyemwondolea kazi hiyo. Alipanga seva yenyewe impelekee mwenyekiti wa kijiji ujumbe kwenye simu kila tarehe ya mlipuko inapowekwa au kubadilika. Alipongezwa kwa hilo mbele ya wakubwa.

Lakini Mansuetus, fundi wa baruti, hakuwahi kusoma seva. Kule gengeni hakuna mtandao wa kuaminika, na kibali cha baruti hutolewa kwa tarehe moja. Yeye alifuata karatasi iliyochapwa Jumatatu, ikasainiwa na meneja na polisi, ikabandikwa kwenye mlango wa stoo. Karatasi ilisema Jumatano.

Jumatano, saa nne na nusu asubuhi, Benadetha alikuwa akipitia ujumbe uliotoka na majibu yaliyorudi. Jibu la mwenyekiti, mzee Hyasinti, lilikuwa la jana jioni: "Nimepokea. Nimewatangazia kuwa kesho njia iko wazi, mlipuko ni Alhamisi. Asanteni kwa kutujali."

Alilisoma mara mbili. Kisha kwa muda hakuweza kukumbuka Jumatano ni siku gani, kana kwamba neno lenyewe lilikuwa la lugha ngeni.

Alimpigia Mansuetus. Simu ilikuwa imezimwa, na alijua kwamba ingekuwa imezimwa. Baruti ikishatoka stoo, simu zote huzimwa na redio za mkononi pia, zisije zikaamsha fataki za kulipulia. Kwa gari, kutoka Mbinga hadi gengeni ni saa mbili na zaidi. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu.

Akaingia kwa Erasmo bila kubisha.

"Mlipuko wa gengeni ni leo. Kijiji kimeambiwa ni kesho."

"Nani kawaambia?"

"Mimi. Nimeweka msiba kwenye kalenda ya wote."

Erasmo alimtazama, kisha akautazama mlango, akaenda kuufunga.

"Rudisha tarehe," alisema kwa sauti ndogo. "Na ile kumbukumbu ya nani alibadilisha nini, wewe si unaweza kuifuta?"

"Naweza."

"Basi."

"Meneja, kuna watu njiani."

"Najua kuna watu njiani! Nimesema rudisha tarehe, ujumbe utoke. Mengine nimeuliza tu."

Alirudisha tarehe. Alikosea nenosiri mara moja, na seva iliyomtii miaka sita ikamkatalia kama mgeni. Mara ya pili ikafunguka. Ujumbe ukatoka: mlipuko ni leo, saa sita. Kumbukumbu hakuigusa. Kisha, bila kungoja, akampigia mzee Hyasinti. Simu iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, nyuma yake kwaya ilikuwa ikiimba.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wa hapo hawajambo?"

"Hatujambo. Mwenyekiti…"

"Acha nizungumze kwa sauti ndogo, niko Tingi kwenye mazishi. Marehemu tulisoma naye."

"Mwenyekiti, mlipuko ni leo. Saa sita. Tumekosea sisi."

Kwaya iliendelea ubeti mzima.

"Mke wangu Aurelia yuko nyumbani," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nitampigia. Yeye ana miguu myepesi."

Simu ikakatika. Ilikuwa saa tano kasoro dakika sita.

Hapo ndipo Benadetha alipoelewa alichokifanya mara ya pili. Kutoka kijijini mpaka chemchemini ni mwendo wa saa nzima kwa anayepanda haraka. Aurelia angefika pale karibu na saa sita. Wanawake wangekuwa wanateremka, naye angekuwa anapanda, na wangekutana chini ya mwamba. Kabla ya simu ile, Aurelia alikuwa salama jikoni kwake.

Akampigia tena mzee amzuie. Haikupokelewa. Alipiga mara tisa. Erasmo alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Kwenye skrini mstari wa mlipuko ulikuwa umetulia mahali pake, Jumatano, saa sita, rangi ya kijani, maana yake kila kitu kinakwenda kama kilivyopangwa.

Saa sita ilifika. Mbinga hakusikiki kitu. Genge liko mbali. Nje mtu alikuwa akianika kahawa kwenye turubai, akiitandaza kwa mguu. Benadetha alimtazama mtu yule na kumwonea wivu mkubwa.

Saa sita na nusu. Saa saba.

Saa saba na robo, simu. Mansuetus.

"Nani anapanga huko kwenu?" aliuliza fundi, bila salamu. "Nimepuliza filimbi mara mbili, nikasikia mtu anapiga sufuria chini ya mwamba. Nikasema huyo ni chizi au ni malaika. Nimesimamisha."

"Umesimamisha?"

"Nimekwambia. Kulikuwa na kinamama kumi na wanne pale, na yule wa sufuria, anahema kama kondoo. Tumewapandisha wote kwanza. Nimelipua saa saba kasoro."

"Hakuna aliyeumia?"

"Chemchemi haipo tena. Watu wapo."

Benadetha aliweka simu mezani. Hakulia. Aliandika taarifa ya kosa lake mwenyewe, kurasa mbili, akampa Erasmo, naye akaisoma akiwa amesimama. Siku ile ile alijiondolea ruhusa ya kubadilisha kalenda ya kampuni peke yake. Sasa lazima mtu wa pili akubali. Yule mtu wa kipaza sauti akarudishwa kazini.

Jumapili iliyofuata aliteremka ziwani kumwona Aurelia. Alimkuta anageuza usipa kwenye chanja, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mguu mmoja umefungwa kitambaa.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyekosea tarehe."

"Marahaba. Kumbe ni mtu," alisema Aurelia, akimkagua. "Mume wangu anasema ni mashine."

"Ni mimi."

"Afadhali. Mashine ningeisemesha nini?" Aligeuza samaki wengine. "Uliponituma nipande, ulijua nitafika saa ngapi?"

Benadetha alichuchumaa kando ya chanja.

"Nilijua baada ya kukata simu."

"Hata mimi nilijua," alisema Aurelia. "Nilijua nikiwa nusu ya njia. Nikakaa kwenye jiwe, nikasema, rudi, una wajukuu. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ninavyomwambia mtu yeyote, kisha nikakimbia. Usimwambie mzee."

Akamsogezea kigoda, akampa upande mmoja wa chanja ageuze. Waligeuza pamoja, na kila mmoja alijua mwenzake anahesabu dakika zile za kwenye jiwe.