Mbuzi wa Kamati ya Miti

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, huko kwetu kwenye vilima vya Makueni, parokia ilikuwa na kamati mbili zisizosalimiana. Ya kwanza ilipanda miti. Ya pili iligawia maskini mbuzi. Zote mbili zilianzishwa na Fatha yule yule, mzungu mwenye moyo mwema ambaye, kwa maoni yangu, hakuwahi kumtazama mbuzi akila.

Mimi nilikuwa karani wa kamati ya miti. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwandiko wangu safi, ulimi wangu upupu, na ile miche niliipenda kuliko wanafunzi wangu. Sikuona haya kusema hivyo.

Siku moja akaja kwangu jirani yangu, mjane mzee tuliyemwita Susu, yaani nyanya. Kamati ile nyingine ilikuwa imempa mbuzi jike mwenye mimba. Baada ya njaa kummalizia kila kitu, yule mbuzi ndiye aliyekuwa tumaini lake lote la maziwa. Susu alikuja kuomba kamba. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, hawezi tena kusokota katani.

"Susu, hiyo ni maneno ya kamati ya mbuzi," nikamwambia bila kuinua kichwa. "Sisi ni watu wa miti."

Akaenda kwa kamati ya mbuzi. Wakamwambia wao hutoa mbuzi, hawatoi kamba. Basi akamfunga kwa vitambaa vya leso kuukuu. Haikupita wiki, mbuzi akavikata, akaja akatafuna miche mitano tuliyokuwa tumepanda kando ya kanisa.

Nilipandwa na hasira hadi nikakosa usingizi. Kikao kikaitishwa Ijumaa, mara baada ya Njia ya Msalaba, magoti yakiwa bado yanauma. Kwetu Ukambani kosa la jirani hulipwa kwa mbuzi, na mbuzi huyo huliwa na wazee waliokata kesi. Nikaandika kitabuni: mbuzi akila mti wa parokia, mwenyewe atalipa mbuzi. Susu hakuwa na mwingine. Akamleta yule yule, akatukabidhi, kisha akaketi kwenye nyasi akilia bila sauti. Nilimwona. Nikafunga kitabu.

Mwenyekiti wetu, mzee aliyependa haki na nyama kwa kipimo kimoja, alikuwa tayari anajaribu makali ya kisu kwa kidole gumba. Ndipo mtu akakumbuka kwamba ni Ijumaa, tena ya Kwaresima, siku ambayo Mkatoliki hali nyama. Tukatazamana. Kisu kikarudi mfukoni.

"Basi nitaenda na yeye kwangu," mwenyekiti akasema, "nimchunge mpaka kesho."

Sufuria za nyumba ile nilizijua. Nikakataa katakata: mbuzi ni wa kamati, atalala mahali salama. Na mahali salama palikuwa pamoja tu hapo parokiani: kitalu chetu cha miche, chenye ua wa miiba niliousimamia mwenyewe na ambao hata sungura hakuweza kuupenya. Nikamsukuma ndani, nikafunga lango, nikaenda zangu nyumbani nimeridhika.

Tulikuwa wajumbe tisa, wote na akili zetu timamu, na hakuna hata mmoja aliyefikiria. Tulikuwa tunawaza nyama.

Asubuhi tulimkuta amelala katikati ya makopo ya miche, anacheua, tumbo kama ngoma. Miche ya msimu mzima ilikuwa imebaki vijiti. Mwenyekiti akavua kofia kama yuko matangani. Fatha akafika, shingo ikamwiva nyekundu. Nyuma yake akaja Susu, aliyekuwa amekuja kumuaga mbuzi wake.

Akatazama kitalu, akatutazama sisi.

"Hii mbuzi," akauliza pole pole, "jana mlisema ni ya nani?"

"Ya kamati," mwenyekiti akajibu.

"Na hiyo miti imekula ni ya nani?"

Mwenyekiti akaivaa tena kofia yake.

"Mwalimu," Fatha akasema, "hebu tusomee kitabu."

Nikasoma, kwa ule mwandiko wangu safi. Sijawahi kuichukia sauti yangu namna ile. Nilipomaliza, Fatha alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. Kisha akakata kesi: Susu arudishiwe wake, na kamati ilipe mbuzi mmoja, naye pia apewe Susu. Wajumbe wote wakanigeukia mimi, kwa sababu aliyefunga lango alijulikana. Nilikuwa na beberu niliyemnonesha kwa ajili ya Pasaka.

Jioni nilimpeleka mwenyewe, pamoja na kamba mbili mpya za katani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, lakini nilichofanya ni kumnyoshea kamba tu. Susu hata hakumtazama beberu. Alizichukua zile kamba, akazivuta kupima nguvu yake, akaziweka mapajani.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi nilikuwa nimekuja kuomba hii tu."