Ukuta wa Nyuma kwa Baba Anita

Wahome Kihara hukagua nyumba za watu kabla hazijanunuliwa, na kazi hiyo imempa maadui wengi kuliko ambavyo siasa ingempa. Wauzaji humwona mchawi. Wanunuzi humwona mwizi, kwa sababu anataka elfu nane kwa nyumba ya vyumba vitatu hapa Nyeri mjini, elfu kumi akilazimika kupanda darini, na nauli juu yake ukimpeleka Chaka au Kagio. "Elfu nane ya kuangalia tu?" huniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyepanga bei. Mimi ni Njoki, nina duka la vifaa vya ujenzi mtaani Skuta, na ndimi ninayewapa watu namba yake ya simu. Injinia kutoka Nairobi angewatoza elfu arobaini na asingeinua hata zulia. Lakini watu wetu ni watu wetu. Watakodi hema, wapike mchele na nyama, walete kwaya nzima ije kubariki nyumba, halafu waniambie hawana elfu nane ya kujua kama ukuta unakunywa maji.

Wahome alikuwa fundi wa mawe kwa miaka thelathini. Magoti yalipomkataa, binti yake alimnunulia kifaa kidogo cha manjano chenye sindano mbili, ambacho ukikichoma ukutani kinakupa kiasi cha unyevu kwa tarakimu. Anakiamini, ila huanza na pua. Ataingia chumbani, asimame, anuse kama mtu anayehisi sufuria imeungua jikoni. Kisha ataugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka chini kwenda juu. Mwisho atasema yale maneno ambayo wauzaji hawayapendi hata kidogo: "Naomba tusogeze kabati."

Watu wa mlimani tuna kosa letu. Nyumba tunaziangalia Januari na Februari, jua likiwa limekausha kila kitu, na rangi mpya imepakwa juzi. Mvua ya Aprili ikija, na baada yake miezi mitatu ya ukungu na manyunyu, nguo zinashika uvundo sandukuni na tunasema ni baridi ya Julai. Mtoto anakoroma kifuani, avalishwe sweta, ni Julai. Mlima umebebeshwa lawama za kuta zetu zote na haujawahi kujitetea.

Februari hii alikuja dukani Mwalimu Kagure. Alikuwa amefundisha huko Chaka, upande mkavu, kwa miaka thelathini na minne, na sasa alitaka kuishi karibu na hospitali kwa sababu ya pumu yake. Pampu ya dawa haikumtoka mkobani. Alikuwa amepata nyumba Skuta, ya milioni nne na nusu, pesa yote ya kustaafu. Akina mama wa kanisa walikuwa wameshachagua tarehe ya kuibariki, na keki ilikuwa imeagizwa.

"Imekaguliwa?" nikamuuliza.

"Nimeiona mara mbili, Mama Duka. Iko smart. Mzee anayeiuza ni mtu wa Mungu."

"Mungu hajengi na mawe ya kuchimbwa," nilisema, kwa ukali kidogo, kwa maana mzee huyo alikuwa amenunua kwangu lita ishirini za rangi nyeupe wiki iliyopita na nilikuwa nimemuuzia bila kuuliza swali. Nilimwandikia namba ya Wahome. Alipiga kelele kuhusu elfu nane, alipunguziwa mia tano, akalipa, na akaniomba niandamane nao ili niwe shahidi.

Mwalimu alikuwa amemwambia Wahome kwamba nyumba ni ya Wambugu. Nyeri hii ukirusha jiwe utampiga Wambugu, kwa hiyo jina halikumwambia kitu. Lakini tulipofika getini Wahome alisimama. Aliitazama ile nyumba, dirisha hadi dirisha.

"Kuna nini?" nikamnong'oneza.

"Hii niliijenga mimi," alisema. "Mwaka wa elfu mbili na mbili."

Mzee Wambugu, ambaye jirani zake wanamwita Baba Anita, alitupokea kwa furaha. Alimtazama Wahome akamkumbuka. "Ni wewe, fundi! Ati sasa unapima? Basi hii huwezi kosa kujua, ni mkono yako." Tulicheka. Wahome hakucheka.

Sebuleni alinusa, akagonga, akachoma sindano. Sawa. Chumba cha mbele, sawa. Mwalimu Kagure alinigusa kiwiko na uso wake ukasema: unaona, elfu saba na mia tano zimekwenda bure. Wahome alikuwa anakwenda polepole kuliko kawaida yake. Nilidhani ni magoti.

Chumba cha nyuma ndicho mzee alikuwa akilala na mkewe, marehemu Mama Anita, aliyefariki miaka miwili iliyopita baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Kulikuwa na kitanda na kabati la mbao lililofika karibu na dari. Rangi ilikuwa nyeupe pe. Wahome alisimama mbele ya lile kabati muda mrefu mno.

"Fundi, si usema?" Mwalimu Kagure akamhimiza.

"Naomba tusogeze kabati."

Tulilisukuma wanne. Nyuma yake rangi haikufika. Ukuta ulikuwa mweusi kwa kuvu hadi usawa wa kiuno changu, na chini kabisa plasta ilikuwa imeota chumvi nyeupe na kumomonyoka. Kile kifaa cha manjano kililia kabla hakijaguswa vizuri. Harufu ilimfikia Mwalimu Kagure, akatafuta pampu yake.

"Labda ni paipu inaleak," alisema alipopata pumzi, na nadhani alisema hivyo kwa kuipenda ile nyumba. "Si ni paipu, fundi?"

Baba Anita alidakia. "Ni paipu tu. Nitaita mtu wa maji."

Hapo Wahome angeweza kusema ndiyo. Mzee angeuza, mwalimu angebarikiwa nyumba, jina la fundi lingebaki safi, na mimi ningerudi dukani kuuza rangi. Namjua Wahome kwa miaka mingi, na nakiri kwamba niliomba kimoyomoyo aseme ni paipu.

"Si paipu," alisema. Alivua kofia. "Baba Anita, kuna ile plastiki nyeusi huwekwa juu ya msingi, maji ya udongo isipande kwa mawe. Ulininunulia roli mbili. Ilifika mbele na kando, ikaisha. Nyuma ilibaki. Ilikuwa Ijumaa, mvua ilikuwa inakuja, na ingine ingefika Jumatatu. Nikasema nyuma hakuna mtu ataona. Nikajenga."

Mwalimu Kagure aliutazama ukuta, kisha akautazama mkoba wake.

"Basi mimi siwezi lala hapa," alisema taratibu. "Pole, Baba Anita. Hii kifua yangu haiwezi."

"Nitarudi," Wahome akasema haraka, akimgeukia mzee. "Nitakata hii ukuta pole pole, futi mbili mbili, niweke hiyo plastiki. Sitaki shilingi yako hata moja. Ikikauka utauza."

Mzee hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameinama, ameweka kiganja pale penye weusi, usawa hasa wa mto wa kitanda.

"Mama Anita aliniambia," alisema. "Miaka mingi. Ati, 'Baba Anita, hii ukuta iko na maji, ita fundi aangalie.' Nikamwambia ni baridi ya mlima, kila mtu anakohoa. Nikamnunulia blanketi."

Alifungua lile kabati. Mablanketi yalikuwa yamekunjwa kuanzia chini mpaka juu, ya manyoya, ya sufu, mengine bado yamo ndani ya nailoni ya dukani. Yalikuwa zaidi ya kumi. Alitoa moja, akalishika kama mtu asiyejua mahali pa kuliweka, kisha akamkabidhi Wahome. Wahome alilipokea kwa mikono yote miwili.

"Kila Julai," mzee akasema. "Kila Julai nilimnunulia ingine."

Alisema bila hasira yoyote, na afadhali angekasirika. Mwalimu Kagure aliketi kitandani akaanza kulia, yeye ambaye hakuwahi hata kumwona marehemu.