Insulini Chini ya Chungu

Jumatano moja ya Februari, mwaka juzi, nilimpoteza mke wangu hospitalini, Homa Bay. Daktari alisema ni figo. Alikuwa ameishi na kisukari tangu kitinda mimba wetu azaliwe.

Hatuna friji. Insulini yake niliitunza mimi. Niliiweka ndani ya mkebe wenye kifuniko, nikaufukia kwenye mchanga chini ya chungu cha maji ya kunywa, na kila asubuhi niliunyunyizia mchanga ule maji. Muuguzi ndiye aliyetufundisha. Lakini kwenye matanga, dada ya marehemu aliyetoka Kendu Bay alisema mbele ya watu, "Shemeji, dawa ya friji unaifukia kama viazi? Sasa umemzika na mwenye dawa." Tangu siku hiyo sikukijaza chungu tena.

Chupa moja ya insulini ilibaki, imetumika nusu. Binti ya kaka yangu, anayesomea kemia chuo kikuu Nairobi, aliibeba akaipime, ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi. Barafu aliikataa, akasema nayo huharibu. Huko wana mashine yenye sumaku kubwa, hata funguo unaacha mlangoni. Alinieleza kwamba dawa ikiingizwa humo, kila chembe ya hidrojeni hujibu kwa namna yake, na majibu yanachorwa kama safu ya vilima. Dawa ikiharibika, vilima vingine hufifia na vigeni huchomoza. Angepima ya kwetu, kisha mpya ya aina ileile, alinganishe.

Nilingoja. Kulala nililala, ila chakula hakikuwa na ladha.

Alipokuja likizo nilimwita shemeji mwenyewe, nikitaka asikie, hata kama ni mabaya. Binti alitandaza karatasi mbili mezani.

"Hii ni ya chungu. Hii ni mpya."

"Na haka kadogo pembeni?" shemeji akauliza, akigusa kilima kimoja. "Si ndiyo sumu yenyewe?"

"Ni uchafu kidogo tu, mama. Hata mpya inako. Angalia."

Shemeji alizibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine. Akasogeza, akasogeza tena. Vilima vikalaliana.

"Baba mdogo," binti akaniambia, "kilichomuua siwezi kukuambia. Na zile chupa zilizoisha sikuzipima. Lakini hii haikuharibika."

Hiyo moja ilinitosha.

Shemeji hakuomba msamaha, wala sikumdai. Alikitoa chungu nje, akakisugua vumbi, akakijaza bombani, akakirudisha juu ya mchanga. Kisha akaomba kikombe.

"Ngoja kwanza yapoe," nikamwambia.

"Wewe shemeji, mimi nina kiu sasa."

Akachota, akanywa, akanipa kikombe.