Matonge Matatu

Mama lishe wa stendi ya Kasulu hula matonge matatu tu, kisha hunawa mikono. Kaka yake alimpeleka India akapunguzwe tumbo kwa upasuaji, ili na mwili upungue. Nikimuuliza kama anajuta, hujibu, “Yaulize magoti, mwalimu. Tumbo usiliulize.” Magoti hayamuumi tena. Lakini zamani alikuwa akimaliza sahani yake mbele yetu, nasi tukila bila wasiwasi. Juzi dereva mmoja alisukuma chakula pembeni. “Mama, kama chako mwenyewe kinakushinda, sisi unatulisha nini?” Wengine nao wakaacha kula. Mama akajipakulia ugali na maharage, akamaliza sahani nzima, jasho likimtiririka. Wakarudia sahani zao. Alipokuwa nyuma ya banda akitapika, dereva yule alikuwa akimwita amwongezee mchuzi.