Makala Niliyoiondolea Jina Langu

Siku yangu ya kwanza kazini Dubai, Mhariri Mkuu, Mwingereza mwenye vitabu kadhaa alivyoviandika mwenyewe, alinionyesha dawati na kusema, "Hapa hatumkeri mtu." Nilikuwa nimeripoti habari za mahakama Nairobi miaka mingi, kazi ambayo yote ni kukera watu. Nikajua tutagombana.

Gazeti letu la Kiingereza lilitoka kila wiki. Nilianza kwa kusahihisha lugha, kisha nikapandishwa kuandika makala, yaani habari ndefu za watu na maisha yao. Makala hubeba jina la mwandishi chini ya kichwa. Jina hilo ndilo mali yetu. Bila hilo hujulikani wala hupati kazi kwingine.

Wakanituma mtaa wa Al Ras, kwenye maduka ya viungo. Nikamkuta Saidi, hamali kutoka Kilwa, akisukuma mkokoteni wa magunia ya iliki. Tuliongea Kiswahili hadi koo zikakauka.

"Dada, jina langu uliweke," aliniomba. "Mama anadhani huku nimepotea. Akiliona gazetini ataamini nipo."

Nikamwahidi, na makala yote ikamhusu yeye. Siku ya kufunga kurasa, kabla gazeti halijaenda kuchapwa, Mhariri Mkuu akaniita. Meneja wa Matangazo alikuwa amelalamika: wenye maduka ndio wateja wetu, hamali wa nini?

"Weka jina la mwenye duka. Huyu mwite 'mfanyakazi mmoja'. Khalas, yamekwisha."

"Sir, nimemwahidi."

"Mhariri hapa ni nani?"

Hasira ilinipanda. "Basi toa na langu. Andika 'mwandishi mmoja'."

"Unajiharibia mwenyewe, Wanjiru."

"Toa, sir."

Makala ikatoka haina jina la yeyote kati yetu. Nilichukua nakala, nikaandika kwa wino mzito juu ya picha yake: Saidi Hamisi wa Kilwa. Nikampelekea Al Ras. Alicheka, akaikunja vizuri na kumpa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani, ampelekee mama yake.

Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa. Visa ikafutwa, nikarudi kwetu Nakuru kustaafu kabla sijataka. Iliniuma, sitadanganya.

Waandishi vijana huniuliza kama najuta. Sijuti hata chembe. Nipeni dawati lile lile na bosi yule yule, nitalitoa jina langu tena kabla hajamaliza kusema khalas.