Mwinda Kindi Agoma Kubebeshwa Sumu Isiyo Yake

Saa moja asubuhi, Mama Mitego amepiga magoti katikati ya mahindi ya jirani yake, uso kausogeza karibu na kizimba cha waya kisichozidi urefu wa mkono. Ndani yake kuna kindi. Anaruka, anagonga waya, analia kwa hasira mpaka manyoya ya mkia yamesimama.

"Huyu ana afya," anawaambia watu watatu waliomfuata nyuma. "Si mnasikia anavyotutukana? Kindi anayekutukana utamla. Yule aliyekaa tu anakutazama kama mgeni aliyefika harusini mapema, mwache alipo. Rudi nyumbani ukanawe mikono."

Wanacheka. Yeye anawatazama mpaka kicheko kinaisha.

Watatu hao ni wanafunzi wake. Mmoja ni fundi cherehani, mwingine mpishi wa kantini aliyepunguzwa kazini, na wa tatu ni wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekalia ndoo iliyopinduliwa kwa sababu miguu yake bado haijapata nguvu. Zamani somo hili lilifanyika ng'ambo ya ua, ndani ya shamba kubwa la makadamia, ambako Mama Mitego amewinda kindi kwa miaka kumi na tisa. Siku hizi haruhusiwi hata kuegemea lango lake.

Kwenye lango hilo kuna bango jekundu. Limeandikwa: NYAMA CHAFU YA KINDI IMELETA UGONJWA. UWINDAJI NI MARUFUKU.

"Chafu!" anasema. "Mimi, chafu? Watu hunisengenya kwamba naosha kindi kuliko wenzangu wanavyoosha watoto, leo niitwe mchafu langoni, kila apitaye asome? Hivi huyo meneja wa shamba ana haya kweli?"

Hana haya, na msomaji ataona mwenyewe.

Kwanza tuitazame kazi, maana ndiyo inayotukanwa. Kibali cha idara ya wanyamapori kimo mfukoni mwake, kimewekwa ndani ya plastiki. Anavaa glavu za mpira kabla ya kugusa chochote. Kindi anauawa kwa pigo moja nyuma ya kichwa, asiteseke. Kisha anatumbukizwa kwenye maji ya moto yenye sabuni kidogo, viroboto wafe na manyoya yasigande kwenye nyama. Anamkata chini ya mkia, anakanyaga mkia kwa kiatu, anavuta miguu ya nyuma kwenda juu, na ngozi yote inavuka kama shati la mtoto.

"Mama, mbona kwangu ilichanika?" anauliza fundi cherehani.

"Ulikata mkia wenyewe. Nguo za watu pia huwa unazikata hivyo?"

Anamwonyesha vitezi vidogo vya makwapani na kuvitoa, kwa kuwa huitia nyama uchungu. Halafu anafika kwenye tumbo, na hapo hata mpishi, ambaye amekuwa akiongea tangu alfajiri, anasogea karibu aone.

"Anayeanza kazi hii anaanza na tumbo," anasema Mama Mitego. "Mtego nitakufundisha mwezi ujao. Ini liwe jekundu lililokolea, laini, bila doa. Ukikuta vidoa vyeupe, fukia mnyama mzima, na glavu uzichemshe. Utumbo uwe na rangi ya alichokula. Huyu alikula mahindi, mnaona? Mkikuta buluu, simameni hapo hapo."

Wifi yake anainamisha kichwa.

Habari ya hiyo buluu ilianza miezi mitatu iliyopita. Shamba lilikuwa limepata meneja mpya, mtu wa haraka, aliyeona kwamba vizimba arobaini vya Mama Mitego vinakamata kindi polepole mno na makadamia yanaendelea kuliwa. Akaamuru vipande vya bomba la plastiki viwekwe chini ya miti, na ndani yake zitiwe punje za buluu. Ilikuwa sumu ya panya. Hakumwambia mwindaji. Hakuwaambia wachumaji, ambao kila mtu pale shambani anajua hula kindi. Hakubandika hata kikaratasi. Mabomba yakakaa chini ya miti na watu wakadhani ni ya maji.

Jamani, hata anayepaka rangi benchi huandika kwamba rangi haijakauka!

Wakati huo wifi wa Mama Mitego alikuwa na wiki tatu tu za mafunzo. Ndani ya siku nne aliokota kindi sita chini ya miti. Walikuwa wamekaa, wamelegea, hawakimbii. Mwalimu wake alikuwa safarini, amekwenda kumuuguza dada yake.

"Nilijiona bingwa," anasema wifi huyo. "Nikasema wifi akirudi atanikuta nimeshahitimu. Niliwapasua kama nilivyofundishwa. Na buluu niliiona, sitaki kudanganya. Nikadhani wamekula zambarau."

Wawinda kindi wa eneo hilo wana desturi yao ambayo Mama Mitego aliipokea kwa mama yake mzazi. Ini ni la anayeanza. Nyama inagawiwa nyumba nzima, lakini ini la mawindo ya kwanza analila mwanafunzi peke yake, kwa sababu mtu hukichunguza vizuri kile ambacho atakila mwenyewe. Ni desturi yenye akili. Vizazi vitatu haikumdhuru mtu.

Wifi alikula maini yote sita.

Siku ya tisa alipopiga mswaki, ufizi ulitoka damu na haukukoma. Jioni yake pua. Kesho yake alikuwa na madoa meusi mapajani kama aliyepigwa. Alilazwa siku kumi na moja, akiwekewa damu na kuchomwa sindano za vitamini. Watoto na mumewe, waliokula nyama tu, walipimwa wakaonekana wazima.

Daktari aliyempokea hakuzunguka. "Nilimuuliza amekula mnyama gani aliyekula sumu ya panya," anasema. "Ile sumu huzuia damu kuganda, na hujazana kwenye ini. Moto wa jikoni hauiwezi. Chemsha kutwa nzima, itabaki palepale."

Mama Mitego aliporudi na kuelezwa, alikaa chini. Anasema kitu cha kwanza alichokikasirikia ni nafsi yake. "Lile ini nilimpa mimi. Kwa mdomo wangu huu nilimwambia, wifi, hilo ni lako. Hilo litaniuma mpaka nife, na sitafuti wa kunipunguzia. Lakini sumu sikuiweka mimi!"

Meneja naye alikuwa ameshajibu kwa namna yake. Bango lilikuwa langoni, vizimba arobaini vimefungiwa stoo ya shamba, na wachumaji wameambiwa kuna mwanamke anayelisha watu uchafu.

Basi Mama Mitego akaenda kwenye mkutano wa wafanyakazi na beseni. Ndani yake mlikuwa na kindi wanne waliookotwa asubuhi ile na wachumaji chini ya miti ya shamba. Akavaa glavu, akawapasua mmoja mmoja juu ya meza aliyokuwa akiitumia meneja. Matumbo yote manne yalikuwa ya buluu. Damu ilikuwa imevilia chini ya ngozi, sehemu ambayo hakuna aliyeipiga.

"Hayo ni majani tu," alisema meneja.

"Vizuri. Basi shika kwa mkono mtupu, bwana meneja, tuone unavyoyapenda hayo majani."

Mikono ya meneja iliingia mfukoni na ikakaa humo. Baada ya siku mbili mabomba yote yalikuwa yameondolewa. Bango halikuondolewa. Meneja alipopigiwa simu na mwandishi wa habari hii alisema hilo ni suala la ndani, akakata.

Wiki iliyopita suala hilo la ndani lilitoka nje likiwa na miguu. Karani wa shamba alifika nyumbani kwa Mama Mitego na karatasi moja. Atarudishiwa kazi na vizimba vyake vyote akitia sahihi kwamba mgonjwa aliugua kutokana na usafishaji mbaya wa nyama uliofanywa na mwanafunzi. Mwisho ni Jumatatu. Asipotia sahihi, nafasi yake itatangazwa.

Sasa anatumia vizimba vitatu vya kuazima, kwenye mahindi ya watu. Kazi ile ndiyo iliyojenga vyumba viwili anavyoishi, na hajawahi kufanya nyingine.

Kindi wa leo ameshakatwa vipande sita. Wanamchemsha saa nzima kwenye sufuria yenye mfuniko, wanamwaga maji ya kwanza, wanatia kitunguu, nyanya na chumvi, wanasubiri mpaka nyama iachane na mfupa yenyewe. Ini, ambalo halikuwa na doa lolote, limefukiwa. Mama Mitego ameamua kwamba kuanzia sasa hakuna mwanafunzi wake atakayekula ini karibu na shamba lile, iwe desturi isiwe desturi.

"Mama, tia sahihi tu," anasema fundi cherehani akipuliza kijiko. "Karatasi ni karatasi. Mkono mtupu haulambwi. Ukishapata vizimba vyako utasema ukweli pole pole."

"Ukweli gani utakaobaki, na sahihi yangu iko chini ya uongo?" Mama Mitego anafoka. "Ninachotaka ni kidogo. Wakitia sumu, waandike wametia sumu, kwa herufi kubwa, siku moja kabla. Na lile bango walitoe mchana, watu wakiwepo. Hayo ndiyo nitakayomwambia meneja Jumatatu."

"Utamwambia wewe?" anauliza wifi yake.

Wote wanageuka. Tangu asubuhi alikuwa akiongea anapoulizwa tu.

"Wifi, unanipenda, najua. Lakini kila mtu ananigombea kama sipo. Meneja anasema niliosha vibaya. Wewe unasema ulinipa ini. Aliyetoka damu ni nani? Hiyo karatasi iko wapi?"

Mama Mitego anaitoa kwenye mfuko wa gauni. Wifi anaipokea, anaigeuza upande usio na maandishi, anaiweka juu ya goti na kuomba kalamu. Anaandika taratibu, akisoma kwa sauti kila neno, na anasema Jumatatu ataipeleka yeye mwenyewe, hata kama itabidi ashikwe mkono mpaka ofisini.

"Walikuwa sita. Niliwaokota chini ya miti yenu. Matumbo yao yalikuwa ya buluu."